Miche Iliyoinamia Kiti

Kilichoninyima usingizi hakikuwa mzimu, ingawa Kariakoo wapo watakaokuapia kuwa kilikuwa mzimu. Ilikuwa miche ya mahindi. Miche iliyopewa maji matupu, ikafungiwa gizani ambako haikuwa na sababu ya kuinama upande wowote, na bado ikainama, yote, kuelekea kiti kimoja cha mbao ambacho hakikuwa na mtu.

Nilikuwa nalala chali katika chumba nilichopewa na shangazi yangu Buguruni, nikiipanga upya akilini. Mwanga? Mlango uko upande wa pili. Kama ni mwanga, ingeinamia mlango. Upepo? Dirisha lilikuwa halijafunguliwa tangu kabla sijafika. Mimi? Jambo lolote likiharibika huwa naanza na mimi. Nikawaza labda naegemea meza. Nikawaza labda napumua vibaya. Asubuhi shangazi akiniuliza mbona macho mekundu, nasema mbu.

Kiti kile kilikuwa cha Mwalimu.

Jina alikuwa nalo, lakini mtaani hapakuwa na aliyelitumia. Alikuwa amefundisha baiolojia sekondari hadi alipostaafu, na nusu ya wenye maduka ya barabara ile walikuwa wamepita mikononi mwake. Hata machinga ambao hawakuwahi kukaa darasani walimwita Mwalimu. Alikuwa mama wa Kihindi, mjane, mwembamba, mwenye nywele nyeupe alizozifunga kwa nguvu mpaka nyusi zikaonekana kushangaa. Aliishi ghorofa ya tatu ya jengo la zamani, na chini ya jengo hilo lilikuwa duka la Mangi, bosi wangu, Mchaga aliyekuwa akiuza pembejeo za kilimo kwa jumla: mbegu, mabomba ya kupulizia, na dawa ya mizizi.

Hii dawa ya mizizi haiui kitu. Ni homoni, ndugu ya ile ambayo mmea hujitengenezea wenyewe ili ujue kurefuka na kuotesha mizizi, ila hii hutengenezwa kiwandani, unga mweupe kwenye vikopo. Mkulima anachovya pingili ya kahawa kwenye unga, anaichomeka kwenye udongo, na pingili inaota mizizi. Unga ukiwa hai, lakini. Ukiwa umekufa, kwa joto la kontena au kwa kukaa mno, pingili inabaki kijani kwa muda kama inayofikiri, kisha inaoza. Kwa macho huwezi kuutofautisha unga ulio hai na uliokufa. Rangi ni ile ile, na mihuri kwenye makaratasi ni ile ile.

Mangi aliwahi kuuza uliokufa bila kujua. Watu wa kwao, wenye vitalu vya kahawa huko mlimani, walishuka na basi wakaja kukaa dukani. Hawakutukana. Walikaa juu ya magunia ya mbegu tangu asubuhi hadi duka likafungwa, kimya, wamevaa makoti yao ya baridi katika joto la Dar.

"Bora wangenipiga," Mangi aliniambia. "Tangu siku ile, mzigo hautoki mpaka Mwalimu aseme."

Na mimi niliajiriwa kumsaidia Mwalimu kusema. Nilikuwa nimemaliza chuo, nina shahada ya mambo ya mimea, na nilikuwa nimezunguka Posta na bahasha yangu hadi walinzi wa maofisi wakanizoea. Mangi aliiangalia shahada, akaniangalia mimi, akasema, "Msomi, huku hatuhitaji uandike. Panda juu. Ukifika mlangoni usigonge, atakuwa ameshakusikia."

Ndivyo ilivyokuwa. Kabla sijainua mkono, sauti ilitoka ndani: "Ingia, binti. Viatu vyako vinabana, unatembea kama unayekanyaga misumari."

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Vivue."

*

Alipima kwa njia ya kizamani. Vyuo vikubwa vina mashine. Yeye alikuwa na mahindi, wembe na faluda.

Mbegu za mahindi zilioteshwa gizani kabisa mpaka kila moja ikatoa kijiti cheupe, urefu wa kidole cha mwisho. Alikata ncha za vijiti kwa wembe, kwa kuwa kwenye ncha ndiko homoni ya mche mwenyewe inakotoka. Bila ncha, mche unaduwaa. Kisha juu ya kigutu, upande mmoja tu, aliweka kipande kidogo cha faluda iliyochanganywa na dawa. Ilikuwa faluda kweli, ya mwani, inayoganda kwenye sahani, ila bila maziwa wala sukari. Dawa ikiwa hai hushuka upande ule, upande ule ukarefuka kuliko mwenzake, na mche usio na kichwa unainama polepole, kama mtu aliyesikia akiitwa na anaona haya kugeuka. Dawa ikiwa imekufa, mche unabaki wima.

Na daima kulikuwa na trei ya pili, iliyowekewa faluda ya maji matupu.

"Huyu ndiye shahidi," aliniambia. Miche aliitaja kama watu siku zote. "Wa maji akisimama wima, wenzake wote wanasema kweli. Wa maji akiinama, funga kazi. Kuna mwongo chumbani."

Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya chakula zamani. Dirisha lake, lililotazama mtaani, lilikuwa limefunikwa kaniki juu ya kaniki, kwa kuwa mwanga nao huinamisha mche, na mwanga wa kawaida ukiingia kipimo kimeharibika. Kulikuwa na taa moja tu, balbu ndogo ndani ya boksi lililofunikwa plastiki ya kijani, kwani mwanga dhaifu wa kijani mche ni kama hauuoni. Chini ya taa ile mikono yetu ilionekana ya watu waliokwisha kuoshwa. Saa sita mchana, Kariakoo ikipiga kelele kama kawaida yake, sisi tulikuwa ndani ya usiku wetu. Honi na miito ya wauzaji vilitufikia kama vinavyopita ndani ya maji. Ukikaa muda mrefu unaanza kuiona miche kwa pembe ya jicho, safu kwa safu, myeupe, imesimama. Ukiigeukia inapotea. Niliwahi kumwambia kwamba naona kama inatuangalia.

"Haina macho," alisema. "Lakini mkono inaukumbuka. Usiguse hata mmoja. Mche ukiguswa unakumbuka mkono, na ukikumbuka mkono hautakwambia tena habari za dawa."

Hiyo ilikuwa sheria ya kwanza, na ya pili, na ya tatu. Nilifanya kazi mikono ikiwa imefungwa nyuma kama mfungwa.

*

Alikuwa mtu wa kupingana na nafsi yake. Hakula nyama wala yai. Sisimizi wakiingia kwenye sukari aliwatoa mmoja mmoja kwa unyoya, akawapeleka barazani, akawasemesha njiani. Lakini wembe akiushika, alikata safu nzima ya vichwa bila kupumzika. Kabla ya kuanza alinong'ona kitu kwa Kigujarati.

"Unawaambia nini, Mwalimu?"

"Nawaomba radhi."

"Kwani wanasikia?"

"Hawasikii. Nasema ili nisikie mimi."

Alidai hapendi watu, na mlango wake haukuwahi kufungwa kwa ufunguo. Alidai hapendi utani, lakini Mangi akipanda ngazi alipaza sauti: "Mangi, punguza ndizi, ngazi zangu zinalia!" Mangi alicheka mpaka akakohoa. "Nimefanyaje mpaka nichongewe na ngazi, Mwalimu?" Alimtambua kila mtu kwa miguu. Aliwatambua wapagazi kwa namna walivyotua mzigo. Akimimina chai aliweka ncha ya kidole ndani ya ukingo wa kikombe, nikadhani ni desturi ya watu wa zamani. Maandishi ya kwenye vikopo alitaka nimsomee mimi. "Soma kwa sauti. Napenda Kiingereza chenu cha chuo, kinatembea kwa kuchechemea." Nikasoma, nikaona haya, nikasahau kujiuliza kwa nini hasomi mwenyewe.

Chini ya dirisha lake kulikuwa na machinga wa mitumba mwenye kipaza sauti kilichosema "elfu mbili, elfu mbili" tangu jua linapochomoza. Siku moja Mwalimu alishuka ngazi zote, mkono ukutani.

"Mwanangu, punguza. Watoto wangu wamelala."

"Mwalimu, wewe una watoto hapa? Si wako Kanada?"

"Ninao. Mamia. Hawana vichwa."

Yule kijana alizima kipaza sauti, na siku mbili hakukiwasha. Habari ikasambaa mtaa mzima kwamba Mwalimu anafuga watoto wasio na vichwa ghorofani. Mpagazi mmoja wa mkokoteni, mtu mzima mwenye misuli kama kamba ya meli, alikataa katakata kupita ghorofa ya pili. "Dada msomi," aliniambia, "mzigo nitauacha hapa kwenye ngazi. Mimi nina familia."

Lakini hakuna aliyemchezea. Mfanyabiashara mmoja alimletea Mangi shehena ya unga wa bei poa, na Mwalimu akaletewa boksi kubwa la peremende za Kihindi, la kumlainisha. Alizipokea, akashukuru. Akapima. Kisha akaishusha trei dukani, akaiweka kwenye kioo cha mbele, miche yote wima kama askari, na kila aliyepita akauliza hiyo ni nini. Mangi akajibu, "Hiyo ni dawa ya fulani." Peremende Mwalimu aliwagawia watoto wa jengo. "Zilikuwa tamu," alikiri. "Uongo mara nyingi ni mtamu."

Usemi wake mwingine ninaoukumbuka: "Usiulize dawa kama ni nzuri. Uliza mche." Na mwingine, ambao aliniambia kila nilipouliza jambo lile lile mara ya nne: "Binti, unatafuna maji."

Ni kweli. Natafuna maji. Ndiyo maana miche ya maji ilipoanza kuinama, nilikuwa wa kwanza kukosa usingizi.

*

Mara ya kwanza ilikuwa kidogo tu. Niliichungulia chini ya taa ya kijani, nikadhani macho yamechoka. Nikamwambia.

"Umefungua mlango vibaya," alisema. "Mwanga umeingia."

Nikaamini, kwa sababu lilikuwa jambo la kuaminika: kosa langu. Nilinunua kaniki nyingine nikaishona mlangoni mara mbili. Nikawa naingia kwa kujibanza kama mwizi. Simu niliiacha dukani. Niliacha kuvaa saa yenye kung'aa.

Mara iliyofuata ilikuwa imeinama zaidi. Na iliyoinama kabisa ilikuwa ile ya ukingo wa karibu na kiti. Kiti kile kilikaa upande wa ukuta wa ndani, mbali na mlango, mbali na dirisha. Mwalimu alikuwa amekwenda hekaluni. Nilikuwa peke yangu. Nilisimama pale katikati ya mwanga ule wa maiti, nikaangalia safu za vijiti vyeupe visivyo na vichwa, vyote vikielekea kiti kitupu, vikiwa vimeinama kwa adabu, kama watoto wanaosubiri kusimuliwa kitu. Nikarudi kinyumenyume mpaka mlangoni, nikasema, "Samahani." Sijui nilimwambia nani.

Mpagazi alinikuta kwenye ngazi nikishuka mbio.

"Nilikwambia nini mimi?" alisema. "Marehemu mumewe alikalia kiti kile kile. Kila mtu anajua."

"Kaka, mimi ni mwanasayansi."

"Haya, mwanasayansi. Mbona umeshuka bila viatu?"

Jambo lililonitisha kuliko kiti ni kwamba Mwalimu hakufunga kazi. Shahidi ameinama, na yeye aliyeniambia kuna mwongo chumbani aliendelea kupima kana kwamba hakuna kitu. Wakati huo dukani kulikuwa na shehena mpya ya dawa ya mizizi, vikopo kwa maboksi, na mvua za huko mlimani zilikuwa zinakaribia. Wenye vitalu vya kahawa walikuwa wameshakata pingili zao. Walikuwa wakisubiri unga tu. Pingili zile zikichovywa kwenye unga uliokufa, msimu wote umekwenda, na mtu wa kahawa akipoteza msimu haanzi upya kesho.

"Vipi huu?" Mangi aliuliza, akiwa amesimama nje ya mlango wa stoo kwa heshima.

"Hai," alijibu Mwalimu kutoka gizani. "Wameinama wote vizuri."

Mangi akashuka akiimba. Mimi nikabaki na shahidi wangu aliyeinama.

*

Wiki nzima Mangi alinishika dukani kuhesabu maboksi; kisha niliingia tena kumsaidia Mwalimu kusafisha trei. Nilipita kaniki ya kwanza, nikapita ya pili, na sikuona kitu. Kawaida macho huchukua muda. Nikasubiri. Bado sikuona kitu. Si mikono yangu, si ukingo wa meza, si ule ukungu wa kijani wa kwenye kona.

Nilidhani nimepofuka. Nasema kweli: nilisimama pale nikapanga nitakavyomweleza shangazi.

"Umechelewa," Mwalimu alisema kutoka kwenye kiti. Sauti yake ilikuwa tulivu, ya mtu aliye katikati ya kazi. "Shika trei hiyo ya kushoto. Usiongeze mwanga. Taa ya kijani inatosha."

Hapakuwa na taa. Nilinyoosha mkono taratibu mpaka kwenye boksi la plastiki, nikaligusa. Lilikuwa baridi, na juu yake kulikuwa na tabaka la vumbi. Balbu ilikuwa imeungua, na haikuwa imeungua asubuhi ile.

"Unaona wanavyoinama?" aliuliza.

"Naona," nilisema.

Katika giza lile nilisikia kitu ambacho macho yasingeniambia. Sauti ndogo sana, kavu, kama kitambaa cha hariri kikipitishwa kwenye meza. Ilipita, ikarudi, ikapita. Zilikuwa ncha za vidole vyake. Alikuwa akipitisha vidole kwenye miche, safu kwa safu, kutoka upande wa kiti, akiisoma kama mtu anayesoma ukuta wa nyumba yake mwenyewe. Alikuwa akiigusa yote: ya dawa na ya maji.

Yakaja yote kwa pamoja, kidole ndani ya kikombe, mkono ukutani, nisomee Kiingereza chako. Hakuna aliyejua kwamba macho yake yamekwisha, kwa sababu alikuwa mtu wa kufanya kazi gizani. Giza lilimfunika kama nyumba. Na miche, iliyoguswa kila siku upande mmoja na mkono uleule, ilifanya kile alichonifundisha mwenyewe. Ilikumbuka mkono. Ilimwinamia. Yeye akiigusa tena akaikuta imeinama, akadhani ni dawa.

Niliendelea kusimama. Vidole vilipita karibu na mkono wangu, vikasita, vikaendelea.

*

Nilijua, lakini kujua kwangu huwa hakutoshi. Nilihitaji kuuliza mche.

Nilichukua boksi tupu la televisheni, nikalifunga kaniki ndani na nje, nikaliweka nyuma ya stoo ya duka, na kwa tochi iliyomulika kupitia chupa ya soda ya kijani nikakata ncha, nikaweka faluda. Miche mingine niliipa dawa ya shehena mpya, na sikuigusa. Mingine niliipa dawa ya zamani ambayo tulijua ni hai, na sikuigusa. Mingine maji. Na safu moja ya maji niliigusa kila nilipoweza, kwa kidole kimoja, kutoka upande mmoja, polepole, kama alivyofanya yeye. Nilijisikia vibaya, kana kwamba naiga mwendo wa mtu mgonjwa.

Nilipofungua, dawa ya zamani ilikuwa imeinamisha miche yake mpaka ikakaribia kulala. Ya shehena mpya ilikuwa wima, haina habari. Maji yasiyoguswa, wima. Na ile safu niliyoigusa ilikuwa imenielekea mimi.

Unga wa Mangi ulikuwa umekufa. Nje, lori la kwenda mkoani lilikuwa limeshasimama kando ya duka, na wapagazi walikuwa wakipakia.

Nilikuwa na njia ya kwenda moja kwa moja kwa Mangi. Ilikuwa hatua chache tu. Lakini nikimwambia Mangi kwanza, Mwalimu atasikia kutoka kwa miguu ya watu kwenye ngazi, na hilo lilionekana kwangu kuwa baya kuliko yote. Na nikikaa kimya, wale watu wenye makoti watashuka tena na basi. Nilifikiri juu ya hayo mawili nikiwa nimesimama na boksi mkononi, mpaka Mangi akanipigia kelele: "Msomi! Unasimama njiani, mikokoteni ipite wapi?"

Nikapanda juu.

*

Alikuwa kwenye kiti chake, ndani ya stoo, gizani. Nilipita kaniki. Sikutafuta taa.

"Leo unatembea kama mtu aliyebeba mayai," alisema.

"Mwalimu, balbu imeungua."

Chini, lori lilikuwa likinguruma.

"Tangu lini?"

"Sijui. Nilipoikuta ilikuwa na vumbi."

"Kwa hiyo nimekuwa nikiisifia taa ambayo haipo." Alicheka kidogo, pumzi tu. "Na wewe ukasema unaona."

"Niliogopa."

"Nami pia, binti. Mwanangu akijua, kesho yake napandishwa ndege. Huko kwake hakuna giza, taa zinawaka zenyewe ukipita. Nitafanya nini mimi huko?" Nikasikia vidole vyake vikitafuta ukingo wa trei, kisha vikajizuia. "Shahidi anasemaje?"

"Ameinama. Anaelekea kiti chako. Umekuwa ukimgusa."

Nikasikia mikono yake ikirudi mapajani.

"Nimepima upya, bila kugusa. Dawa mpya haijafanya kitu. Wako wima wote. Na wa maji niliowagusa wameinama."

"Wamekukumbuka mkono," alisema taratibu. Sauti ilikuwa ya darasani sasa, kana kwamba ananisahihishia jibu. "Nimefundisha jambo hilo mpaka nikalichoka. Halafu nikawa ninakaa hapa, nawagusa, wananiinamia, nafurahi. Nilidhani bado wananijibu." Kiti kililia, alikuwa akigeukia mtaani. "Lori limefika?"

"Linapakiwa."

"Basi mbona bado uko hapa unatafuna maji?"

Nilikuwa nikitafuna kweli. Nilikuwa nahesabu ngazi, nafikiria kama nitafika chini kabla kamba hazijafungwa, nafikiria nitasemaje, nianze na Mwalimu au na dawa, Mangi atauliza nani kapima na nitajibu nini. Maisha yangu yote nimesema "inaonekana", "huenda", "wanasema". Injini ya lori ilibadilisha sauti.

Sikushuka. Nilikwenda kwenye dirisha nikashika kaniki ya kwanza kwa mikono miwili. Ilikuwa imepigiliwa misumari. Nyuma yangu Mwalimu alisikia kitambaa kikichanika na akasema neno moja kwa Kigujarati, lile la kuomba radhi. Nilivuta nyingine, na nyingine, vumbi likanijaa mdomoni, nikasukuma ubao wa dirisha kwa bega mpaka ukaachia, na mchana wote wa Kariakoo ukaingia kwa pamoja, joto, honi, elfu mbili elfu mbili, na mwanga, mwanga mkali ambao baada yake hakuna kipimo ambacho kingefanyika tena katika chumba kile.

Niliona trei zote kwa mara ya kwanza katika rangi yake ya kweli. Vijiti vilivyopauka, vingi kuliko nilivyodhani, vimeinama pamoja. Mwalimu alikuwa amekaa mwisho wa safu zao, macho wazi, na hayakupepesa hata kidogo. Aligeuza uso kufuata joto, si mwanga.

"Mangi!" nilipiga kelele. "Usipakie! Shusha! Dawa imekufa!"

Mtaa ulinyamaza kwa kiasi ambacho Kariakoo huweza kunyamaza. Yule mpagazi wa mkokoteni aliinua macho, akaona dirisha ambalo halijawahi kufunguka, akaliachia boksi alilobeba. Mangi alitoka nyuma ya lori, kiganja juu ya macho.

"Nani kasema?" aliuliza. "Mwalimu kasema?"

Nyuma yangu kiti kilitoa mlio, kama mtu anayetaka kusimama. Sikugeuka.

"Hapana," nilisema, kwa sauti iliyofika hadi ng'ambo ya barabara. "Nimepima mimi."